Halimo

Ghorofani Kirumba, chini ya feni yenye panga mbili,
Lushinge anaifundisha mashine kufikiri.
Kanuni ya kwanza, ya pili, ya arobaini:
dagaa wakianikwa, basi mvua haipo.

Juzi Nyanzobe alipanda ngazi na daftari lake la Mwaloni,
limenuka dagaa hadi kwenye jalada.
"Hebu muulize huyo ndugu yako wa nyaya,
yule bwana wa Ukara namdai, simdai?"

Mashine ikapekua kurasa mia na nne,
ikajibu upesi kama mtoto aliyekariri:
Humdai. Deni halimo.

Nyanzobe akacheka, mdomo tu.
"Magunia matatu nilimpa mvua ikitupiga.
Kalamu ningeishika kwa mkono upi?"

Usiku ule Lushinge alifuta mstari mmoja,
aliourithi kwa walimu wake bila kuuliza:
kisichoandikwa ni uongo.
Bibi yake kule Magu hana hata cheti cha kuzaliwa,
na uji wake unaunguza ulimi.

Asubuhi, wadudu wa ziwani wametanda dirishani kama moshi,
akauliza upya.
Mashine ikakaa.
Ikakaa sana.
Kisha, kwenye kioo chenye vumbi:
Sijui.

Alipiga meza, chai ikamwagikia karatasi.
Miaka mitatu, kwa neno hilo!

Nyanzobe alipoonyeshwa alisoma taratibu,
akalikwapua daftari lake kwapani.
"Haya, imepata adabu.
Na magunia yangu?"