Safu Mbili

Nyuma ya risiti ya maji nimechora mstari.
Kushoto nimeandika Bara, kulia Kisiwa.
Kaka yangu Shalo anataka jibu kabla ya Ijumaa:
Thureya kamaliza kidato cha nne,
na yeye, mpimaji wa kamba koche pale Kizingitini,
huamini kila kitu kina mizani yake.

Maji.
Hapa Pangani, ghorofa ya tano, bomba hukoroma Jumanne na Ijumaa;
siku nyingine ni mtungi, shilingi thelathini, na ngazi.
Huko ni jabia, na mvua ikikosa ni kutazamana.
Sare.

Tabibu.
Hapa kuna foleni, lakini mwisho wa foleni kuna mtu.
Huko mama alianza kuumwa saa nane za usiku
na boti haikuwa na mafuta.
Hili naliandika upesi, kalamu isije ikapata hoja.

Kazi.
Naam, ninayo. Jikoni, hoteli moja ya Westlands.
Alfajiri nafungua masanduku ya barafu,
na kuna siku namkuta kamba mwenye uzi wa buluu,
fundo la Shalo, nalijua.
Ameondoka kwetu jana, kwa ndege.
Mimi nilikuja siku mbili, ndoo ya achari mapajani.
Najua Shalo alilipwa ngapi kwa kilo.
Najua sahani inauzwa ngapi.
Katikati ya bei hizo mbili wanaishi watu
wasio wa Bara wala wa Kisiwa,
na maisha yao, nasikia, ni mazuri sana.

Juzi akaniletea ujumbe kwa ubeti,
kama marehemu baba alivyokuwa akidai deni:

    Umeme kwetu ni nusu, tabibu huku hakai,
    Na mengi yananihusu, siyasemi, sikatai,
    Usiku hauna kisu, na kufuli haifai,
    Mwanangu umdurusu: aje huko, akinai?

Mwongo. Usiku wa huko una kisu, ni ulimi.
Nilirudi na nywele fupi; kabla ya magharibi
mtaa wa pili wameshajua aliyeninyoa.
Ila hapa jirani yangu namjua kwa kikohozi,
mwaka wa nne huu.
Kikinyamaza siku tatu, nitabisha hodi kwa jina gani?
Hili nalo niliweke wapi?

Nikampigia Thureya mwenyewe.
Maji sikuyataja. Nilimwambia baridi ya Julai,
na yule karani aliyetaka kitambulisho cha babu yangu
kabla hajaamini changu.
Alinyamaza, nikasikia kuku wao. Kisha:
"Shangazi, huko mtu akitaka kulia, hulilia wapi?"

Popote, nikasema. Hakuna atakayekuuliza.

"Hakuna kabisa?"
Na sijui sauti ile ilikuwa ya hofu
au ya mtu aliyeona mlango.

Nimeandika chini ya Bara.
Nimefuta.
Nimeandika tena.
Risiti imetoboka pale.