Masuke Matatu

Mwaka ule mvua ilikuja Handali kama mdaiwa:
ikachungulia, ikaona watu, ikageuza.
Mama akapanda, akarudishia, akarudishia tena,
mara ya tatu kwa mbegu za kukopa kwa Mnyamagola,
debe kwa debe na nusu.

Uwele ulipoanza kujaa wakaja kwelea,
wingu pekee lililotimiza ahadi msimu ule.
Tulipanda dunguni kabla ya jogoo, mimi na Foibe,
tukapiga bati, tukarusha udongo kwa teo
hadi sauti zetu zikawa za wazee.
Foibe alikuwa na miaka mitano.
Ndege aliwatukana kwa Kigogo,
Mungu alimwomba kwa Kiswahili.

Mama alipita shambani kama mkaguzi,
akabonyeza punje kwa ukucha, akapita,
akabonyeza, akapita,
mpaka akayapata masuke matatu yaliyowatangulia wenzao.
Akachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la kanga,
akafunga kila suke fundo moja.
"Haya yana mwenyewe."
Hakumtaja. Tulimjua.
Tulijua pia kwamba chunguni mna mlenda mtupu,
mlenda usio na ugali,
unaoteleza kooni kama habari isiyokuhusu.

Usiku ule Foibe hakulia. Hilo ndilo lililonitisha.
Alinyonya tu ncha ya gauni.
Nikatoka. Mwezi ulikuwa mkubwa kupita haja ya mwizi.
Nikavunja suke moja, nikalipikicha viganjani,
nikapuliza makapi,
zikabaki punje mbichi, zenye maziwa,
nikazimimina kinywani mwa mdogo wangu,
na zilizonata viganjani nikaziramba.
Tamu. Sitadanganya hapa.

Asubuhi mama alikuta bua halina kichwa
na uzi chini.
Hakuuliza. Hakupiga.
Aliuokota, akaupuliza vumbi,
akaufunga kwenye kifundo cha mkono wangu,
fundo moja.
Mimi ndiye kifungua mimba wake.

Jumapili ungo ulikuwa mkubwa, masuke mawili.
Wengine walileta mayai, boga, jogoo aliyefungwa miguu;
mwalimu Chidosa alileta bahasha.
Mama akaweka ungo mezani,
kisha akanisukuma kidogo, mkono wangu ukagusa kitambaa cheupe.
Mchungaji akautazama uzi, akamtazama mama,
akaomba sala fupi kuliko kawaida yake.

Baada ya ibada, mnada.
Jogoo akapanda hadi elfu nne. Boga likagombewa.
"Masuke mawili! Mia! Nani ananipa mia?"
Watu wakacheka, si kwa ubaya.
"Mia mbili," akasema mama,
akafungua fundo la kanga,
lile la chumvi na mafuta ya taa.

Tulipofika korongoni aliketi mchangani,
akapikicha yote mawili, akatugawia.
"Kuleni sasa. Yamekwisha kufika."
Halafu akaramba viganja vyake, taratibu,
kimoja, kingine,
ndipo nikajua kwamba usiku ule hakulala.
Nikamnyooshea mkono anifungue uzi.
Akatikisa kichwa.
"Wewe sijakununua bado."

Uzi ulikatika wenyewe, nikiwa darasa la tano,
nikivuta ndoo kisimani. Sikumwambia.

Mwezi uliopita, mjini, simu ililia mfukoni:
mshahara wangu wa kwanza.
Kanisani wanasema limbuko ni wote, usibakize.
Mwenye nyumba naye ana maandiko yake.
Nikajikuta soko la Majengo mbele ya gunia la uwele,
nimechota kiganja, napikicha,
ingawa zilikwisha purwa, zilikwisha pepetwa,
hakuna cha kupuliza.

"Kaka," muuzaji akasema,
"unanunua, au unachezea tu?"