Mizani ya Miritini

Siku tatu lori la Ngombo limelala kando ya njia,
chai ndani, faini kwenye kioo.
Mizani imesema: tani arubaini na tisa.
Ngombo anasema: ishirini na nne, nilihesabu magunia.

Nafungua daftari la mashine.
Vijisanduku. Alama za kuuliza. Herufi moja ya Kichina,
kisha ting! kengele, na skrini ikajifuta.
Aliyeiandika programu hii alimwaga baiti kama zilivyo,
mchele na mchanga wake, akaenda zake Nairobi.

Nikaketi nipepete.
Kila baiti ipate herufi zake mbili,
sufuri hadi tisa, kisha A hadi F,
kumi na sita kwa mstari,
na pembeni kinachosomeka kisomeke,
kisichosomeka kiwe nukta.

Saa nane usiku, feni inazungusha joto lile lile,
zikatoka zimepanga safu:
C0 5D.
Nikazisoma kama nilivyofunzwa shule:
49,245.

Nikakumbuka barua za nyanya, kule Kuze,
Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu,
mimi nazianza kushoto,
naye anakishika kidole changu: Huku, mama.

5D C0.
Elfu ishirini na nne. Kamili.

Asubuhi Ngombo aliigeuzageuza ile karatasi.
"Na chai ni ipi hapa?"
Nikamwonyesha.
"Hivi viwili tu," akasema,
"ndivyo vilivyonilaza nje?"