Kiungulia cha Deni

Saa kumi za usiku Deni anameza mate.
Naijua sauti ile: si ya njaa, si ya woga,
ni ya kitu kilichopanda hadi kooni, kikarudi.
Analamba sakafu, saruji tupu,
anatoka, anatafuna nyasi kama mbuzi,
na chini ya mkilifi anatapika povu la manjano,
kijiko kimoja tu,
kisha ananitazama kama mtoto aliyevunja sahani.

Jina nilimpa mimi. Mwenye nyumba aliporudi kwao
aliniachia funguo, mbwa, na ahadi ya mishahara mitatu.
Funguo zinafungua.
Mbwa yupo.

Chakula chake nilikitoa hotelini, kule Kasuarina.
Mbodze wa jikoni alinijazia ndoo:
mafuta ya nyama, ngozi za kuku, ukoko wa mchuzi,
viazi vilivyokaangwa jana, vikakaangwa tena leo.
Nilimwaga yote mara moja, magharibi,
naye akala kama anayefukuzwa.
Nikajiona mwema.
Hadi magharibi nyingine, hana kitu.

Daktari wa mifugo alikuja Muyeye kuchanja mbuzi.
Nikamvizia penye pikipiki yake.
Hakumgusa Deni. Alinihoji mimi:
Anakula nini? Saa ngapi? Mara ngapi?
Nilipojibu, akavua miwani, akaipangusa.
"Gunia ukilishindilia, humwagikia mdomoni.
Ukiliacha tumbo tupu usiku kucha, tindikali inalichoma lenyewe.
Gawa. Punguza mafuta.
Na kidogo, kidogo tu, kabla hajalala."

Sasa nina kisufuria: wali uliorojeka,
kuku asiye na ngozi. Chumvi hamna, pilipili hamna.
Nilionja; ni kama kutafuna pamba.
Mafungu matatu, la mwisho saa tano,
juu ya kifuniko cha kopo la rangi.

Bwana Shekue, ambaye akimwona Deni huvuka barabara,
alisimama ng'ambo akanipigia kelele:
"Mbwa anapikiwa kuku, wewe unakula viazi karai!"
Nikacheka. Kicheko kikaniwaka kifuani.

Maana saa kumi za usiku
hatukuwa mmoja tuliomeza mate.

Jana nilipakua mara mbili, sufuria ile ile.
Deni alimaliza kwanza, akaketi,
macho kwenye sahani yangu, mkia ukifagia vumbi.
Sikumpa.
Daktari alikataa.