Mitutu Miwili ya Kasha Moja

Kasha lilifunguliwa Jumanne,
baridi ya Julai imeng'ang'ania Lang'ata,
na fundi Mwende Kithome akaitoa miwili
kwenye karatasi yake ya mafuta:
namba zinafuatana, mmoja unaishia sita, mmoja saba,
kiwanda kimoja, zamu moja, chuma kimoja.

"Mapacha," nikasema.
Hakunijibu. Alinipa daftari.

Risasi za boksi moja. Baruti imepimwa
kwa mizani ya sonara aliyoinunua Mtaa wa Biashara.
Sita: mia nane ishirini na moja kwa sekunde,
mia nane kumi na tisa, ishirini na mbili.
Saba: mia nane arobaini. Arobaini na nne!
Nikaufurahia Saba kama mzazi kwenye mbio za shule,
nikauchorea nyota pembeni.

Kisha tukatembea mita mia mbili,
umande unaingia viatuni,
kindege cha Wilson kinakohoa juu yetu.
Karatasi ya Saba ilikuwa na tetekuwanga.
Ya Sita: matundu matano,
ungeyafunika kwa sarafu ya shilingi ishirini,
ila yote yamekaa kushoto.

"Kushoto kunarekebishika," akasema Mwende.
"Anayekosea pale pale unamsogeza.
Huyu mwingine utamsogeza wapi?"

Lakini ni chuma kimoja, nikambishia.
Akaumulika Saba, jicho moja kafumba.
"Kisu kilipofika kwa huyu
kilikuwa kimeshamla mwenzake.
Si kisu kile tena."

Hapo nikamkumbuka kaka yangu Makokha,
tuliyevaa sare za kitambaa kimoja Buruburu,
yeye akiruka madarasa, mimi nikiyarudia.
Watu walimuuliza mama: hawa ni wa tumbo moja?
Moja, ndiyo. Ila nilipofika mimi
lilikuwa limeshamzaa Makokha.
Leo ukituuliza yuko wapi
baba atasema Doha, mama Muscat,
na mimi nipo hapa, kushoto kidogo, kila siku.

Saa sita akaja mwanachama, koti la ngozi, haraka zake:
"Nipe wenye kasi."
Mwende akaendelea kusukuma kitambaa ndani ya Saba,
kikatoka cheusi, akaweka kingine.
"Huu bado hatujajua unakula nini."

Alhamisi akaupunguzia baruti,
punje kidogo, kama chumvi ya mgonjwa.
Mia nane ishirini na tisa.
Tundu la kwanza. La pili likaligusa.
La tatu likaingia katikati yao,
nami nikashika pumzi ambayo haikuwa ya bunduki yangu.

La nne likaenda zake, juu, kulia, peke yake.

"Niandike na hilo?"
"Hilo ndilo la kuandika."

Nikaliandika.
Nyota sijaifuta.