Kiti cha Plastiki

Zamani kilikuwa cheupe. Mwenyekiti Mbegu
alikinunua Manzese, elfu tisa, bila risiti,
na hakuna aliyethubutu kukikalia
hata alipokwenda kuzika kwao Kisarawe.
Mimi ni karani. Kila alfajiri nilikifuta kwa kipande cha kanga,
mbele, nyuma, na chini pasipoonekana.
Nilikijua kuliko yeye.

Masika ile, malori ya Tukuyu yamezama topeni hadi ekseli,
ndizi zinaiva juu kwa juu,
wapagazi wamegoma, wanunuzi wanatukana,
Mbegu kazima simu.
Soko zima la Mabibo chini ya turubai moja
tunakitazama kiti, utadhani kitatoa amri.

Mwamvita, asiye na meza wala kadi,
muuza vichane vya rejareja,
akapenya, akaketi.
Akavua ndala, akazikung'uta tope.
"Haya. Nani wa kwanza?"

Nilingoja radi. Haikupiga.
Mpagazi mmoja akaeleza yake. Kisha dereva.
Adhuhuri mbao zilishatandikwa chini ya magurudumu,
na mimi, mwenye daftari, mwenye muhuri,
mwenye ufunguo wa stoo,
nilimpelekea chai.

Mbegu alirudi Ijumaa. Akasimama, akakohoa.
"Karibu," akaambiwa, "benchi lile pale."
Akaenda benchini.

Huu mwaka wa sita. Siri ninayo mimi:
mguu wa nyuma, wa kushoto, umepasuka.
Nimeufunga waya. Anajua. Haegemei.
Mabwana wa manispaa wakija huwapokea mgongo wima
kama mwali siku ya kutolewa,
nao hunong'onezana: mama huyu ana msimamo.
Msimamo! Ni waya.

Jana aliinuka kwenda msalani.
Mbaruku, mtoto wa kahawa, sauti bado haijamvunjika,
akatua birika juu ya kiti, linafuka,
akaanza kuhesabu chenji zake.
Hata wenye redio walipunguza.
Mwamvita akarudi. Akaliona. Akacheka.
Tukacheka sote.
Ila kicheko chake kilichelewa,
nilihesabu: moja, mbili.

Birika limeacha duara.
Leo nimesugua kwa sabuni, kwa mchanga, halitoki.
Soko tupu, tochi ya mlinzi mbali kule getini,
nimesimama na kitambaa mkononi,
mgongo kwa kiti,
magoti yamekunjika nusu.

Nusu.
Ndipo nilipoishia siku zote.