Swali la Tatu

Saa tatu na robo, ghorofa ya nne, Dundee,
mvua ikiandika na kufuta kwenye kioo,
tunasimama mbele ya ubao.
Viti vipo, tumevinyima kazi kwa makusudi:
aliyesimama, asema Ishbel, hahutubii.
Dakika kumi na tano. Watu watano.
Wanaziita mbio, wiki mbili mbili,
nasi twazikimbia tumesimama.

Kushoto: ya kufanywa.
Katikati: yaliyo mkononi.
Kulia: yamekwisha,
na karatasi ndogo za rangi zinahama
kutoka safu hadi safu,
kila moja na gundi yake hafifu mgongoni.

Maswali ni matatu.
Jana ulifanya nini?
Leo utafanya nini?
Nini kinakuzuia?

Mawili ya kwanza nayamudu.
La tatu linagongana na lugha yangu.
Sisi asubuhi huulizana hujambo,
na jibu limekatwa na kushonwa kabla hujazaliwa:
sijambo. Sina jambo.
Mwenye homa, sijambo.
Aliyefiwa juzi, sijambo,
kisha jambo lenyewe huja baadaye,
likipitia mlango wa uani.

Basi kila asubuhi nilijibu, "Hakuna,"
nikatabasamu,
na karatasi yangu ya buluu ikabaki katikati.

Iliandikwa hivi:
Kama mpangaji, nataka kuripoti hita iliyokufa
usiku, kwa simu yangu,
ili nisilale na koti.

Nilidhani ni kazi ya siku mbili.
Siku ya nne niligundua mfumo wa zamani wa halmashauri
unafunga saa kumi na moja jioni;
kwake usiku haujaumbwa.
Siku ya sita niliurekebisha, ukaanguka wote.
Siku ya saba nilikaa hadi msafishaji akanizimia taa,
hakujua kama kuna mtu.
Gundi ikachoka. Karatasi ikajikunja pembe,
kama ulimi unaotaka kusema.
Tomasz akaiokota sakafuni, akaibandika tena
pale pale,
asiseme neno.

Mficha uchi hazai, nilijiambia kwenye lifti Jumatano,
na bado, zamu yangu ilipofika,
"hakuna" ilikuwa imeshavaa viatu, iko mlangoni.
Nikaishika shati.
Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayedaiwa kodi,
lakini kichwani ilitoka hivi:
nina jambo.

Sikusikia mtu akivuta pumzi.
Ishbel aliibandua ile buluu, akaitazama nyuma na mbele,
akasema kosa ni lake, aliikata kubwa mno,
akaandika nne ndogo mahali pake.
Sukhdeep akachukua moja kabla wino haujakauka:
mfumo ule aliwahi kupigana nao, ana makovu.
Euan akakohoa, akasema
na yeye ana lake, tangu Jumatatu.

Ijumaa tatu zilikuwa kulia.
Ya nne bado iko katikati. Tumeikubali ilipo.
Mahali fulani katika mji huu usiku ule
mtu alibonyeza kitufe saa saba kasoro
na usiku ukaandikwa.

Jumapili nilimpigia mama.
Hujambo? Sijambo.
Nyumbani? Salama.
Na afya? Tunamshukuru Mungu.
Mlango ukafungwa vizuri, kama siku zote.
Nilikuwa nimesimama dirishani, sijui kwa nini,
nikamuuliza, polepole,
siku hizi nini kinakuzuia, mama?

Kimya. Nikasikia jiko lake la gesi likipumua.
Unauliza kama daktari, akasema.
Kisha, kwa sauti ndogo:
goti. Ngazi za nyuma. Tangu mwezi wa Ramadhani.

Nina kibunda cha karatasi za njano kwenye droo.
Nimeandika: goti la mama.
Nimeibandika mlangoni mwa friji,
upande wa kushoto,
nikaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.